Chupa Tamu: Dawa za Kikohozi na Mzio kwa Watoto

Mhadhara kwa wazazi, walimu wa skuli za maandalizi na wenye maduka ya dawa, Mji Mkongwe, Unguja

 

Naanzia dukani, kwa sababu huko ndiko matibabu ya watoto wetu wengi yanakoanzia. Ingia duka lolote la dawa, Darajani, Mkunazini au Mwanakwerekwe, ukae pembeni kidogo wakati wa kipupwe, mafua yanapozagaa. Mazungumzo yatakuwa ya namna moja tu.

"Nipatie dawa ya kifua ya mtoto."

"Kikavu au kina makohozi?"

"Kina makohozi. Usiku hatulali."

"Unataka ya hapa au ya nje?"

Chupa inashushwa rafuni, pesa inapokewa, mteja anaondoka. Hakuna aliyeuliza mtoto ana umri gani, ana kilo ngapi, anapumua vipi, wala tangu jana ameshanyweshwa nini. Na mama naye hakuuliza ndani ya chupa mna nini. Jioni hii nataka tuyaulize hayo yaliyorukwa.

Niseme mapema ninaloliamini, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kujitayarisha. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita mwenye mafua na kikohozi cha kawaida, chupa ile haina kazi. Haifupishi ugonjwa hata kwa siku moja. Inachofanya mara nyingi ni kumlaza mtoto, na anayepata nafuu ni mzazi. Tena si chupa isiyo na madhara, ambayo mtu angesema basi acha tujaribu, hatupotezi kitu. Inaweza kudhuru kwa kile kilichoandikwa ubavuni mwake, na imeshapata kuua kwa kile ambacho hakikuandikwa.

Tusome kwanza kilichoandikwa. Chukua chupa, ruka picha ya mtoto anayecheka, ruka jina kubwa la kibiashara, nenda kwenye maandishi madogo. Utakuta majina manne au matano yamerundikwa pamoja. Dekstromethofani, ya kuzuia kikohozi. Guaifenesini au bromheksini, ya kulainisha makohozi. Klofenamini, ambayo sote tunaijua kwa jina la Piriton, ya mzio. Pseudoefedrini au fenilefrini, ya kuzibua pua. Pengine na parasetamoli ya homa. Angalia mkanganyiko wake: dawa moja inamwambia mtoto asikohoe, nyingine inalainisha makohozi ili ayakohoe. Zimo katika kijiko kimoja.

Mtoto mdogo anakohoa kwa sababu njia zake za hewa ni nyembamba na hajui kupenga kamasi. Kikohozi ndicho kinachomsafishia. Na kinachukua muda kuliko tunavyodhani. Uchambuzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2013, uliokusanya tafiti nyingi za watoto, ulionyesha kwamba kikohozi cha mafua huisha kwa nusu ya watoto ndani ya siku 10, lakini mpaka tisa katika kila kumi wapone panahitajika siku 25. Mzazi anayemaliza chupa siku ya tano na kuona mtoto bado anakohoa anarudi dukani kutafuta "kali zaidi". Siku ya kumi na mbili kikohozi kinakwisha chenyewe, sifa inakwenda kwa chupa ya tatu, na jirani anaelekezwa duka.

Nchi zenye madaktari wengi na maabara nyingi kuliko sisi zimeshalijua hili. Marekani walihesabu kwamba katika miaka miwili, 2004 na 2005, watoto 1,519 wa chini ya miaka miwili walipelekwa idara za dharura kwa madhara ya dawa za mafua na kikohozi, na watoto wachanga watatu waliofariki mwaka 2005 walikutwa na dawa hizo katika miili yao. Januari 2008 mamlaka yao ya dawa ikatangaza kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe kabisa, na mwaka huohuo watengenezaji wenyewe wakaandika kwenye chupa kuwa asipewe wa chini ya minne. Uingereza mwaka 2009 ilipandisha mpaka sita. Hizi ndizo dawa ambazo kwetu zinaitwa dawa baridi. Ubaridi wake ni kwamba mtu anaweza kuzinunua bila ya cheti cha daktari, basi.

Kodeini naitaja peke yake kwa sababu ya sisi ni nani. Kodeini haifanyi kazi mpaka ini liigeuze kuwa mofini, na kuna watu ambao maini yao huigeuza kwa kasi mno, mtoto akapewa kiasi cha kawaida na mwilini ikawa kiasi cha kumzuia pumzi. Watafiti walikuta watu wenye jeni za kuigeuza kwa kasi hivyo ni takriban 29 katika kila 100 nchini Ethiopia, na takriban 20 katika kila 100 Saudi Arabia, wakati kaskazini mwa Ulaya ni wachache sana. Sisi wa visiwa hivi, wenye damu ya kila pwani ya bahari hii, hatuna sababu ya kujihesabu salama. Ulaya mwaka 2015 na Marekani mwaka 2017 waliikataza kwa kikohozi cha watoto wa chini ya miaka 12. Ukiona neno kodeini kwenye chupa ya mtoto, irudishe. 

Sasa tuje kwenye kisichoandikwa. Hapa nitakaa.

Julai 2022, mjini Banjul nchini Gambia, bingwa wa figo Dokta Abubacarr Jagne alianza kuwapokea watoto wadogo ambao figo zao zilikuwa zimezimika. Walianza na homa na mafua ya kawaida, wakapewa dawa ya maji, baada ya siku chache mkojo ukakatika. Wengi walikuwa chini ya miaka mitano. Tarehe 5 Oktoba Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari juu ya dawa nne za maji zilizotengenezwa na kampuni ya Maiden Pharmaceuticals ya jimbo la Haryana, India. Tatu zilikuwa za kikohozi na mafua, na ya nne ilikuwa promethazini, dawa ya mzio. Watoto wasiopungua 66 walikuwa wameshafariki.

Kilichokutwa ndani ni daietilini glikoli na ethilini glikoli. Hivi ni vimiminika vya viwandani, vya breki na rejeta za magari. Vinaingiaje katika dawa ya mtoto? Dawa nyingi haziyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo mtengenezaji hutumia kimiminika kingine kuziyeyusha, kama propilini glikoli au gliserini, ambacho kikiwa safi hakina neno. Kimiminika hicho husafiri kwa mapipa na hupita mikono mingi kabla ya kufika kiwandani. Daietilini glikoli nayo ni nzito, haina rangi, tena ni tamu, na bei yake ni ya chini. Jicho haliwezi kuzitofautisha, ulimi pia hauwezi. Nchini Indonesia, ambako zaidi ya watoto 200 walifariki mwaka huohuo wa 2022, ilibainika kwamba mapipa yalibandikwa jina la propilini glikoli na ndani mlikuwa na sumu. Mwenye kiwanda asiyepima pipa lake anaichanganya sumu kwa mkono wake, akaitia rangi ya zambarau na ladha ya stroberi, akaipeleka sokoni.

Mtu anaweza kusema hiyo ni Gambia, hiyo ni Indonesia. Lakini kisa hiki ni cha zamani, na kila kizazi kinakisahau. Marekani mwaka 1937 dawa ya maji iliyoyeyushwa kwa daietilini glikoli iliua zaidi ya watu 100, na kutokana na hayo ndiyo wakatunga sheria yao ya dawa ya 1938. Nigeria, mwaka 2008 na 2009, dawa ya watoto wanaoota meno iliyoitwa My Pikin iliua watoto 84. Uzbekistan, Februari 2024, mahakama iliwafunga watu 23 kwa vifo vya watoto 68 vilivyotokana na dawa za maji kutoka kiwanda kingine cha India. Na mwaka 2025, hata India yenyewe, katika wilaya ya Chhindwara, watoto zaidi ya 20 walifariki kwa dawa ya kikohozi iitwayo Coldrif. Maabara ya serikali ilikuta daietilini glikoli ndani yake kwa asilimia 48.6. Kiwango kinachovumiliwa katika viambato vya dawa ni asilimia 0.1. Karibu nusu ya chupa ilikuwa sumu.

Na jambo hili lilishafika mlangoni petu. Aprili 2024, mamlaka ya dawa ya Nigeria, NAFDAC, ilitangaza kwamba vipimo vyake vimeonyesha daietilini glikoli nyingi katika toleo namba 329304 la Benylin Paediatric, dawa ya watoto ya kikohozi na mzio iliyotengenezwa Afrika Kusini Mei 2021. Kampuni ilijibu kuwa vipimo vyake yenyewe havikuikuta sumu hiyo. Afrika Kusini hata hivyo ikayaondoa sokoni matoleo mawili, na ilipotaja yalikouzwa, Kenya, Rwanda na Tanzania zilikuwamo. Zingatieni kwamba haikuwa dawa ya kichochoroni. Ilikuwa ya jina kubwa, ghali, ile ambayo mwenye uwezo anaiomba akidhani bei ndiyo kinga. Nani katika ukumbi huu, siku ile tangazo lilipotoka, angeweza kwenda kwenye kabati lake na kusema ana toleo namba ngapi? Wengi wetu chupa ikishafunguliwa boksi linakwenda jaani, na namba mara nyingi iko kwenye boksi.

Tuna mlinzi. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, una mizizi yake katika sheria namba 2 ya mwaka 2006. Watu wengi hawajui kwamba afya si jambo la Muungano, kwa hiyo dawa kusajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya kule Bara, hakuifanyi iwe imesajiliwa hapa. Chupa iliyotoka Kariakoo kwa boti ndani ya mkoba wa mtu haikupita kwa mlinzi wetu. Kadhalika ile iliyoletwa na shangazi kutoka Maskati au Dubai. Najua nagusa pabaya. Dawa ya Maskati kwetu ni zawadi, inapokewa kwa dua, na pengine ni nzuri kweli. Lakini maelezo yake ni kwa Kiarabu au Kiingereza ambacho msaidizi wa nyumbani hakisomi, imepikwa na jua ndani ya sanduku uwanjani, na siku watu wa Oman wakitangaza kuirudisha, tangazo halitapigwa Zanzibar. Shangazi na alete udi na vitambaa.

Zamani mtengenezaji wa dawa alijulikana. Pale Mizingani lipo jumba lile la roshani za mbao ambalo Tharia Topan alilianza mwaka 1887, likamalizika 1894 yeye mwenyewe ameshafariki, na baadaye likawa zahanati. Wakati ule mgonjwa alishuka chini akachanganyiwa dawa mbele ya macho yake. Sisemi ilikuwa bora, maana nyingi ya dawa hizo leo tungezimwaga. Nasema tu kwamba ukitaka kugombana, ulimjua wa kugombana naye. Leo dawa zetu karibu zote zinaingia kwa meli au kwa ndege, zimetengenezwa na watu ambao hatutawaona, kwa mapipa ambayo na wao hawakuyaona yakijazwa. Kwa hiyo njia ya kwanza ya kupunguza hatari hii si kupima kila chupa. Ni kupunguza idadi ya chupa zinazoingia kinywani mwa mtoto bila ya haja.

Nihamie kijiko. Mwaka 2010 watafiti wa Ugiriki walikusanya vijiko vya chai vya majumbani wakavipima. Kimoja kilibeba mililita 2.5, kingine 7.3. Kijiko cha dawa kinachokusudiwa na daktari ni mililita 5. Kwa hiyo nyumba mbili zilizoambiwa "kijiko kimoja", moja inampa mtoto nusu na nyingine inampa dozi na nusu. Bomba la kunyweshea dawa, lile la plastiki lisilo na sindano, lina mistari ya mililita na bei yake haifiki ya chupa ya soda. Liombeni. Wenye maduka, liwekeni juu ya kaunta, si chini.

Kwenye parasetamoli ndipo kosa la kijiko linapokuwa kubwa. Hesabu yake ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa nne hadi sita, isizidi mara nne kwa siku nzima. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150. Dukani kuna chupa za miligramu 120 katika mililita 5, na za miligramu 250 katika mililita 5, zinafanana kama pacha. Ya kwanza mtoto huyu atapewa mililita 5. Ya pili, mililita 5 ni karibu mara mbili ya dozi yake. Ongeza dawa ya mafua ambayo ndani yake pia mna parasetamoli isiyoonekana, ongeza na bibi aliyempa asubuhi bila ya kumwambia mama, rudia siku tatu, ini linaanza kulipa. Andikeni. Karatasi moja imebandikwa kwenye friji: dawa gani, mililita ngapi, saa ngapi, nani kampa.

Sasa mzio, au aleji kama tulivyozoea. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa. Masika yakishika, unyevu unapanda ukutani na kuvu inaota nyuma ya kabati. Magodoro ya sufi yanabeba vumbi la miaka. Paka wa mji huu wanaingia watakako. Alasiri chetezo kinapita chumba hadi chumba kwa udi na ubani. Mtoto anapiga chafya kila asubuhi, macho yanawasha, pua inatiririka maji meupe bila ya homa. Huyo pengine kweli ana mzio, na dawa ya mzio inaweza kumsaidia. Lakini ipi?

Kabla ya kutaja dawa, toa godoro juani, pangusa kuvu, na chetezo kisiingie chumba anacholala mtoto. Najua ni neno zito katika mji huu. Moshi ni moshi hata ukinukia. Baada ya hapo, ikihitajika dawa, setirizini au loratadini kwa mtoto aliyetimiza miaka miwili, kwa kipimo alichoandikiwa, hazilazi sana. Promethazini isimguse mtoto wa chini ya miaka miwili. Marekani mwaka 2004 waliiwekea onyo lao kali kabisa kwa sababu ya watoto walioacha kupumua. Na Piriton si dawa ya usingizi. Nalisema hili kwa walezi wanaompa mtoto ili wasafiri naye kwa boti ya Pemba akiwa amelala, au ili wageni wa harusi wakae kwa utulivu. Mtoto mmoja inamlegeza, mwingine inamchachamaza akaruka usiku kucha. Kote kuwili mmemtia dawa kwa ajili ya shughuli zenu.

Yupo pia mtoto anayeitwa "wa kifua" mwaka mzima. Kila mwezi chupa. Anakohoa usiku, anakohoa akikimbia, kifua kinalia kama filimbi. Huyu hana mafua yasiyokwisha. Huyu huenda ana pumu, na anatibiwa kwa sharubati. Nitawaambia lililofanyika Cape Town. Daktari Heather Zar wa Hospitali ya Watoto ya Red Cross aliona watoto wa masikini hawapati kile kifaa cha kuvutia dawa ya pumu kinachopachikwa kwenye inhela, yaani kichupa cha dawa ya kuvuta, kwa kuwa ni ghali. Wakachukua chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita, wakatoboa kitako chake kwa waya wa moto uliokunjwa kwa umbo la mdomo wa inhela, wakapachika inhela humo na kuziba kwa gundi ili hewa isivuje. Mtoto anavuta kwa mdomo wa chupa. Walichapisha matokeo mwaka 1999: chupa ile ilifanya kazi sawa na kifaa cha kununua. Salbutamoli, dawa ya pumu, ikivutwa inakwenda moja kwa moja mapafuni kwa kiasi kidogo. Ile ya sharubati inazunguka mwili mzima, moyo unamwenda mbio, mikono inamtetemeka, na nafuu yake ni haba. Mwenye mtoto wa namna hii aende hospitali akapimwe. Asirudi dukani.

Bibi zetu nao wana dawa zao, na hapa sina ugomvi mkubwa. Asali kijiko kidogo kabla ya kulala kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja imefanyiwa utafiti, tena si mmoja, na imeonekana kupunguza kikohozi cha usiku kuliko kutompa kitu. Ichanganywe na maji ya uvuguvugu na ndimu, hakuna ubaya. Chini ya mwaka mmoja asipewe hata ya kulamba, kwa sababu asali inaweza kubeba vimelea vinavyozaa sumu ya kupoozesha ndani ya tumbo changa. Huyo dawa yake ni ziwa la mama, mara kwa mara. Pua ikiziba, matone ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili ya pua, basi.

Lakini mafuta ya karafuu, ya kwetu wenyewe, yasinyweshwe. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliandika habari za mtoto wa miaka miwili aliyekunywa baina ya mililita 5 na 10 za mafuta hayo. Alipoteza fahamu, akapata degedege, ini likaharibika, akanusurika kwa shida. Mililita 5 ni kile kijiko tulichokizungumza. Kafuri nayo, na Vicks ambayo kafuri imo ndani yake, haipakwi puani wala hailambwi, na chini ya miaka miwili isitumike. Samli puani, hapana, inashuka mapafuni. Na kukata kimeo kwa kikohozi, desturi ambayo bado ipo katika pwani hii, hapana kabisa. Mtoto anakwenda na kikohozi anarudi na kidonda kinachotoka damu, na kikohozi anacho palepale.

Nimekataza mengi. Mzazi ana haki ya kuuliza: basi nifanye nini usiku wa manane? Hesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia au amelala, halii wala hanyonyi, funua kifua, weka simu yako ihesabu dakika moja nzima, hesabu mara ngapi kifua kinapanda. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari. Miezi miwili hadi mwaka mmoja, 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Wauguzi wetu wa vituo vya afya wanafundishwa namba hizihizi. Kisha tazama chini ya mbavu: akivuta pumzi, panabonyea kwa ndani? Anatoa sauti kali akivuta hewa? Hawezi kunyonya au kunywa? Anatapika kila kitu? Amelegea huwezi kumwamsha, au amepata degedege? Midomo imebadilika rangi? Hapo usingoje kukuche. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko wazi, na wa shamba aende kituo au hospitali iliyo karibu naye. Mtoto mwenye homa apimwe pia malaria, na mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili huku anapungua uzito, au anayeishi na mtu mwenye kifua kikuu, achunguzwe kifua kikuu. Na akiwa ameshakunywa dawa yoyote ya maji kisha mkojo ukapungua, nenda na chupa mkononi.

Kinga yenyewe mnayo bure. Chanjo ya kifaduro imo katika zile za miezi ya mwanzo, na chanjo ya nimonia imekuwamo katika ratiba ya nchi yetu tangu mwanzoni mwa 2013. Kadi yenye tarehe iliyorukwa bado inapokewa kituoni.

Sina zaidi kwa wazazi. Kwa ndugu zangu wa maduka ya dawa nina ombi moja, na naliomba mbele ya wateja wenu ili wawe mashahidi. Kesho asubuhi mama wa kwanza akija kutaka dawa ya kifua ya mtoto, msimuulize kikavu au cha makohozi. Muulizeni ana umri gani, ana kilo ngapi, anapumua vipi. Akiwa ni wa chini ya miaka sita na anapumua vizuri, mrudisheni nyumbani na pesa yake. Akiwa na umri wa kupewa dawa na dawa inamfaa, muandikieni kwenye risiti jina la dawa na namba ya toleo, mumpe na bomba la kupimia. Mtapoteza mauzo ya chupa kadhaa. Nafahamu kodi ya duka Darajani si ndogo. Nawaomba mzipoteze.